Nani Alikuwa Hapa Kabla Yangu?

Tarehe 28 Mei 2002, Ofisi ya Hataza ya Marekani iliipa kampuni ya VMware hataza namba 6,397,242. Wavumbuzi waliotajwa humo ni watatu: Scott Devine, Edouard Bugnion na Mendel Rosenblum. Walichokuwa wamekiombea ulinzi tangu Oktoba 1998 ni namna yao ya kuifanya kompyuta moja ya mezani ibebe kompyuta nyingine ndani yake, kila moja ikijiona kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na diski yake, ilhali chuma ni kimoja. Hizo ndizo tunazoziita mashine pepe, na programu inayozigawia chuma hicho ndiyo msimamizi wa mashine pepe.

Kazi yangu ya kila siku ni kulea mashine za namna hii. Nazianzisha, nazinakili, nazihamisha kutoka seva moja hadi nyingine, nazizima zisipohitajika tena. Kwa hiyo niliisoma hataza hiyo kwa hamu ya mtu anayetaka kujua asili ya riziki yake. Kilichonishika hakikuwa michoro. Kilikuwa kichwa chake. Kinasema huu ni mfumo wa mashine pepe wenye msimamizi, kisha kinaongeza: kwa kompyuta yenye muundo wa segmenti, yaani inayogawa kumbukumbu yake vipande vipande. Nimeyafikiria mara nyingi maneno hayo ya mwisho. Mtu anayetaka kumiliki kila kitu angeishia kwenye “mashine pepe” na kuweka nukta. Hawa waliendelea kuandika mpaka wakafika kwenye mpaka wao, kwa sababu walijua kwamba shamba walilosimama lilikwisha kulimwa na wengine zaidi ya miaka thelathini kabla yao.

Waliolilima walikuwa Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1964 IBM ilifungua huko kituo cha sayansi chini ya Norman Rasmussen, ndani ya jengo lilelile lililokuwa na watafiti wa kompyuta wa chuo cha MIT. Mwaka huohuo MIT iliiacha IBM na kuichagua General Electric iipatie kompyuta ya mradi wake mkubwa wa Multics, na pigo hilo liliwauma sana watu wa IBM. Enzi hizo kompyuta ilikuwa kitu cha foleni. Unapiga kadi zako matundu, unazikabidhi dirishani, unarudi baadaye kuchukua karatasi yenye majibu, na kama umekosea alama moja unaanza upya. Fernando Corbató wa MIT alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba watu kadhaa wanaweza kuitumia kompyuta moja kwa kugawiwa vipande vidogo vya muda, kila mmoja akiona kama anatumikiwa peke yake. Kule Manchester, Uingereza, Tom Kilburn na wenzake walizindua Atlas mwaka 1962, mashine iliyoifanya kumbukumbu ndogo ionekane kubwa kwa kuchota kurasa kutoka kwenye ngoma ya sumaku pale zinapohitajika. Na Yorktown Heights, New York, watafiti wengine wa IBM walikuwa wameirekebisha kompyuta ya 7044, wakaiita M44, na kila mfano wake waliompa mtumiaji wakauita 44X.

Robert Creasy na kikundi chake kidogo cha Cambridge waliyachukua hayo yote wakapiga hatua moja mbele. Badala ya kumpa mtumiaji kipande cha mfumo, walimpa kompyuta nzima ya kufikirika, inayofanana na ile halisi kiasi kwamba programu yoyote ya kompyuta halisi ingeweza kuendeshwa ndani yake bila kubadilishwa. Mfumo wao uliitwa CP-40. Ulitumia System/360 Model 40 iliyoongezewa kifaa maalumu cha kutafsiri anwani za kumbukumbu, na mnamo Januari 1967 ulikuwa kazini, ukibeba hadi mashine pepe 14 kwa wakati mmoja. Ndani ya kila mashine waliweka mfumo mdogo wa mtu mmoja, CMS. Ukafuata CP-67, kisha tarehe 2 Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370 kuwa bidhaa rasmi.

Jambo moja katika kisa hiki nalipenda kuliko mengine. Huu haukuwa mradi mkuu wa kampuni. Fedha nyingi na watu wengi walikuwa wamewekwa kwenye TSS/360, mfumo mkubwa uliochelewa na kusumbua mpaka ukaachwa. CP-67 ilikuwa kazi ya watu wachache waliojua wanachokitaka, na ilipotolewa kwa wateja ilikwenda pamoja na msimbo chanzo wake. Wateja waliufungua, wakausoma, wakausahihisha, wakarudisha marekebisho. Wengine waliujengea biashara ya kukodisha muda wa kompyuta. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hivi viliundwa na mikono mingi ambayo majina yake hayamo kwenye tangazo lolote la mauzo.

Mwaka 1974 Gerald Popek wa chuo cha UCLA na Robert Goldberg wa Harvard waliandika makala fupi ambayo mpaka leo kila anayejifunza fani hii hukutana nayo. Walitaja sifa tatu za msimamizi wa kweli. Programu iliyo ndani ya mashine pepe itende kama ingetenda kwenye mashine halisi. Amri zake nyingi zitekelezwe moja kwa moja na prosesa, bila mtu wa kati, ili kasi isipotee. Na msimamizi abaki na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote. Kisha wakathibitisha, kwa hesabu, ni prosesa za namna gani zinazoweza kubeba msimamizi kama huyo: zile ambazo kila amri nyeti, yaani amri inayogusa au kufichua hali ya mashine yenyewe, ikitolewa na programu isiyo na mamlaka, prosesa inasimama na kumwita msimamizi aamue.

Hapo ndipo kompyuta za mezani za miaka ya 1990 ziliposhindwa mtihani. Chukua amri moja ya prosesa za Intel, inayoitwa POPF. Kazi yake ni kurudisha bendera za hali, na miongoni mwa bendera hizo imo ile inayoamua kama prosesa ipokee hodi za vifaa vya nje au izikatae. Mfumo endeshi ukiwa na mamlaka yote, POPF inaibadili bendera hiyo kama ulivyoagiza. Ukiwa ndani ya mashine pepe, ambako mamlaka hayo umenyang'anywa bila kujua, prosesa haikatai, haisimami, wala haimwiti msimamizi. Inalipuuza agizo na kuendelea na amri inayofuata. Mfumo endeshi unaamini umefunga mlango, kumbe mlango uko wazi. Mwaka 2000 John Scott Robin na Cynthia Irvine walizipitia amri zipatazo 250 za prosesa ya Pentium wakazikuta 17 zenye kasoro ya namna hii. Kwa kipimo cha Popek na Goldberg, prosesa iliyokuwa imejaa kwenye meza za dunia nzima haikufaa.

Devine, Bugnion na Rosenblum walipita palepale penye kizuizi. Msimamizi wao huacha sehemu kubwa ya programu iende moja kwa moja kwenye prosesa. Inapofika sehemu ya hatari, husoma amri kabla hazijatekelezwa, huzitafsiri kuwa amri nyingine zilizo salama, na kuzitekeleza hizo badala yake. Ugumu ulikuwa kujua lini utafsiri na lini uache, na jibu walilotoa linategemea hali ya segmenti za kumbukumbu na majedwali ya kivuli ambayo msimamizi huyatunza kandokando ya yale ya mfumo endeshi. Hicho ndicho walichodai. Hawakudai mashine pepe, wala msimamizi, wala kugawana chuma. Vyote hivyo vilikuwa vya Creasy na wenzake, na dunia ilikuwa inavijua.

Na wao wenyewe walikwisha kusema hivyo hadharani. Mwaka 1997, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha makala kuhusu mfumo wao uitwao Disco, na hawakujifanya wamegundua bahari. Waliandika waziwazi kwamba wanarudisha wazo lililovuma katika miaka ya 1970. Kompyuta mpya za prosesa nyingi zilikuwa zimeleta tatizo jipya, na dawa ya zamani ilikuwa inalifaa. Mwaka uliofuata wakaanzisha VMware pamoja na Diane Greene na Ellen Wang. Kuitaja IBM hakukuwapunguzia chochote. Naamini kulifanya msomaji aone kwa urahisi zaidi mahali hasa kazi yao ilipoanzia.

Sheria ya hataza ina ukali ambao nimeuheshimu zaidi kila nilipozidi kuuelewa. Inauliza, kabla ya mengine yote, kama jambo hili lilikwisha kujulikana hadharani. Kila dai katika hataza ya Marekani huandikwa kwa sentensi moja, hata ikiwa ndefu kiasi gani, na kila neno ndani ya sentensi hiyo linahesabiwa. Kikionekana kitu kimoja cha zamani chenye vipengele vyote vya sentensi hiyo, dai limekufa. Haijalishi kwamba mwombaji hakuwahi kukisikia. Haijalishi kwamba alikesha miaka akikitafuta kwa jasho lake. Na hata kama vipengele vimetawanyika katika vitu viwili vitatu, ambavyo fundi wa kawaida wa fani hiyo angeviunganisha bila taabu, dai hilo nalo halisimami. Zaidi ya hayo, mwombaji mwenyewe anatakiwa kuiambia ofisi kila jambo la zamani analolijua linaloweza kumharibia ombi lake. Akilificha kwa nia ya kudanganya, mahakama inaweza kuikataa hataza nzima.

Fikiria ingekuwaje kama tungeishi kwa sheria hiyo nje ya ofisi za hataza. Nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa, na nimeona jinsi mkubwa mpya anavyoingia ofisini na kutangaza mpango “wake”, huku faili la mtangulizi wake lenye mpango uleule limelala kabatini na vumbi juu. Wafanyakazi wa zamani hutazamana na kunyamaza. Wanajua. Na kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, hakuna anayesema mara ya kwanza mpango ule ulikwama wapi, kwa hiyo unakwama tena palepale. Hasara ya kutotaja waliotangulia haiishii kwenye heshima yao. Inakula kazi yenyewe. Mtu aliyesoma faili la mtangulizi wake anaanzia pale mwenzake alipochoka, na asiyelisoma anaanzia mwanzo kabisa akiwa na fahari ya bure.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinijia na daftari, uso wake unang'aa. “Kaka, nimepata kitu ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukifanya.” Alikuwa amechora namna ya kuihamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa inafanya kazi, bila wanaoitumia kujua kwamba imehama. Michoro ilikuwa safi na fikra zilikuwa zake kweli. Hakuwa ameiba kwa mtu. Tukaketi kwenye meza yake tukaanza kutafuta. Haikuchukua muda. VMware ilikuwa inauza uwezo huo tangu mwaka 2003. Mwaka 2005 Christopher Clark na wenzake, wengi wao wa Cambridge ya Uingereza, walichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa Xen, msimamizi mwingine wa mashine pepe: nakili kurasa zote za kumbukumbu huku mashine ikiendelea, kisha nakili tena zile zilizobadilika wakati unanakili, rudia mpaka zimebaki chache, halafu simamisha kwa kitambo kidogo, maliza, amsha upande wa pili. Walijaribu kwa seva ya mchezo wa Quake 3 yenye wachezaji ndani yake, na kusimama kwenyewe kulikuwa milisekunde 60.

Alilifunika daftari. Nikamwambia alifunue. “Hebu nionyeshe mahali ambapo hawa hawakugusa.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema wote hao walikuwa wanafikiria majengo yenye umeme wa uhakika na kebo nene kati ya seva na seva. Yeye alianza na ofisi zetu za mikoani, ambako umeme ukikatika betri inabaki na dakika chache na laini ya mawasiliano ni nyembamba. Hesabu yake ya kuchagua kurasa zipi ziondoke kwanza, ili kazi ya watu iokoke hata kama betri itakufa katikati ya safari, hatukuiona popote siku ile. Ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia alipokuja, lakini ilikuwa yake. Akaandika upya ukurasa wa kwanza. Aya ya mwanzo sasa inawataja waliomtangulia kwa majina na miaka, na ya pili inaanza na neno “lakini”. Wakuu wetu walipousoma waliuelewa mara moja, jambo ambalo sina hakika lingetokea kwa ukurasa wa awali.

Kuna kisa kingine katika historia ya kompyuta kinachoonyesha upande wa pili, na ni kizito. John Mauchly na Presper Eckert walijenga ENIAC katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mashine yenye valvu zipatazo 18,000, na tarehe 26 Juni 1947 wakaiombea hataza. Hataza ilitoka mwaka 1964, na madai yake yalikuwa mapana kiasi cha kuikumbatia kompyuta ya kielektroniki kwa ujumla. Mwenye haki hiyo, kampuni ya Sperry Rand, akaanza kuzitaka kampuni nyingine zilipe. Honeywell ikakataa, na kesi ikafika kwa Jaji Earl Larson huko Minneapolis. Humo ndimo lilipofufuka jina la John Atanasoff, mwalimu wa fizikia wa Iowa, ambaye pamoja na mwanafunzi wake Clifford Berry alikuwa amejenga, kati ya mwaka 1939 na 1942, mashine ndogo ya valvu 300 hivi ya kutatua milinganyo. Chuo chake hakikukamilisha ombi la hataza. Mashine yenyewe ilivunjwa baadaye. Lakini Juni 1941 Mauchly alikuwa amesafiri mpaka Ames, Iowa, akafikia nyumbani kwa Atanasoff, akaiona mashine, akasoma maelezo yake, na barua walizoandikiana zilikuwapo.

Tarehe 19 Oktoba 1973 jaji alitamka kwamba hataza ya ENIAC ni batili. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Kompyuta yenyewe ilikwisha kutumika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi, na sheria ilimpa mvumbuzi mwaka mmoja tu tangu kitu chake kilipoanza kutumika au kutangazwa. Ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945, iliyoeleza muundo wa kompyuta ya namna hiyo, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa na ikahesabiwa kuwa chapisho. Na kuhusu Atanasoff, jaji alisema wazi kwamba kiini cha wazo kilitoka kwake. Siku iliyofuata kashfa ya Watergate ilipamba moto magazetini, na hukumu hii ikapita bila wengi kuisikia.

Mimi siwadharau Mauchly na Eckert. ENIAC ilikuwa kazi kubwa mno, na mashine ya Atanasoff isingeweza kufanya hata sehemu ndogo ya ilichofanya. Ndiyo maana kisa hiki kinanihuzunisha. Walikuwa na mengi ya kweli ya kudai: kasi, ukubwa, namna ya kuzifanya valvu maelfu zifanye kazi pamoja bila kuungua kila dakika. Dai pana na ombi lililochelewa viliwakosesha hata kile kilichokuwa haki yao. Mauchly alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba hakujifunza lolote la maana Iowa. Ninapoilinganisha hataza hiyo na ile ya mwaka 2002, yenye kichwa kinachojibana chenyewe, naona watu watatu waliojua kitu ambacho wale wawili walikataa kukijua.

Lakini swali la nani alitangulia linamdai pia aliyetangulia. Atanasoff angepotea kabisa kama zile barua na maelezo yasingekuwapo. Mali bila daftari huisha bila habari. IBM ililifahamu jambo hili mapema: kuanzia mwaka 1958 hadi 1998 ilichapisha jarida maalumu la kutangaza mawazo ya wahandisi wake ambayo haikuona haja ya kuyaombea hataza, ili mtu mwingine asije akayafungia uzio na kuwatoza. Ukurasa mmoja au kurasa mbili, mchoro, tarehe. Basi. Na historia ya mashine pepe yenyewe tunaijua kwa kina hivi kwa sababu Creasy aliiandika mwaka 1981 katika jarida la utafiti la IBM, na kwa sababu Melinda Varian wa Chuo Kikuu cha Princeton aliwatafuta wazee wa CP-40 na VM/370 mmojammoja, akawahoji, akakusanya picha na kumbukumbu zao kabla hazijazikwa nao. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa mtumiaji wa mfumo huo, akaupenda, akaona haifai waliouunda wasahaulike.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani walipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, kitu ambacho bibi yeyote wa pwani angeweza kukueleza akiwa anasonga ugali. India ndiyo iliyokwenda kupinga, na ilishinda mwaka 1997 kwa sababu ilikuwa na maandishi: vitabu vya kale na makala ya jarida la kitabibu la mwaka 1953. Mwarobaini nao ulipewa hataza Ulaya mwaka 1994, kwa mafuta yake kuua kuvu wa mimea. Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliifuta mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kwa upande wa Marekani, sheria yao mpaka Machi 2013 ilikuwa inasema kwamba kutumika kwa jambo katika nchi nyingine, kama halikuandikwa kwenye chapisho, hakuhesabiwi kuwa ujuzi uliotangulia. Hebu lisome tena hilo. Kijiji kizima kingeweza kutumia dawa kwa karne tatu, na mbele ya mtahini wa hataza wa Marekani ikawa kama haijawahi kuwapo, kwa kukosa karatasi. Nchi wanachama wa ARIPO, shirika la Afrika la mali bunifu lenye makao yake Harare, zilipitisha mwaka 2010 itifaki ya kulinda ujuzi wa jadi mjini Swakopmund, Namibia. Ni hatua njema. Lakini itifaki hailindi kilichobaki kichwani mwa mtu mmoja.

Na hali si tofauti kwa vijana wetu wa kompyuta. Wengi wanatatua matatizo ambayo watu wa Stanford na Cambridge hawajawahi kukutana nayo, kwa sababu huko umeme haukatiki hivyo na data haiuzwi kwa vifurushi vidogo vya siku. Suluhisho linabaki kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja. Akihama kazi, linahama naye. Kompyuta ikiibiwa, limekwisha. Baada ya miaka kumi mtu wa mbali atalifikia jambo lilelile, atalisajili, na mtoto wa aliyelitatua kwanza atalilipia.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa fani hii, na hata wasio wa fani hii, mambo mawili. Kabla hujatangaza kitu kuwa chako, tafuta kwa bidii ya kweli nani alikuwa hapo kabla yako, na umtaje kwa jina kwenye ukurasa wa kwanza, si mwishoni kwa herufi ndogo. Kisha kile kilichobaki, ambacho ni chako kweli, kiandike. Ukurasa mmoja unatosha: tatizo, namna ulivyolitatua, mchoro kama upo, jina lako na tarehe. Ukiona unataka hataza, nenda kwanza kwenye ofisi inayosajili hataza, yaani BRELA kama uko Tanzania Bara au KIPI kama uko Kenya, kabla hujakitangaza, maana ukishakitangaza maandishi yako mwenyewe yanaweza kugeuka shahidi dhidi yako. Ukiona huitaki, kiweke hadharani mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukikuta. Fanya hivyo mwezi huu, ukiwa bado unakumbuka ulivyofanya.